Kufurika kwa namba na upotevu wa usahihi katika kompyuta

Kufurika kwa namba ni hitilafu inayotokea pale jibu la hesabu linapozidi nafasi ambayo kompyuta imetengewa kuliandika. Upotevu wa usahihi hutokea pale jibu linapoenea, lakini tarakimu zake za mwisho zikakatwa. Chanzo cha hitilafu zote mbili ni kimoja: namba hazina mwisho, ilhali kumbukumbu ya kompyuta ina mipaka.

Zinavyotokea

Kompyuta huandika namba kwa biti, yaani tarakimu 0 na 1. Namba kamili iliyopewa biti 16, ikiwa inaruhusu hasi na chanya, huanzia -32,768 na kuishia 32,767. Ukiongeza 1 juu ya 32,767, katika mashine nyingi jibu hugeuka -32,768, na mara nyingi bila onyo lolote.

Kwa upande wa desimali, 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa biti, kama ambavyo theluthi moja haiandikiki kikamilifu kwa desimali. Ndiyo maana kompyuta inayofuata kanuni za IEEE 754 za mwaka 1985, kwa biti 64, hujumlisha 0.1 na 0.2 ikapata 0.30000000000000004.

Matukio makubwa

Tarehe 25 Februari 1991, mtambo wa Patriot huko Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kutungua kombora la Scud, na askari 28 wa Marekani wakauawa. Programu yake ilizidisha muda kwa 0.1 iliyokatwa ili ienee katika biti 24. Kosa lilikuwa dogo mno, ila mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100, likajilimbikiza hadi sekunde 0.34. Katika muda huo Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikalipuka baada ya sekunde 40 hivi pamoja na satelaiti nne za Cluster. Namba ya biti 64 ilikuwa imelazimishwa kuingia katika biti 16. Sehemu hiyo ya programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo mwendo wake haukuwahi kuifikisha namba hiyo kwenye kikomo.

Tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itafikia kikomo chake cha 2,147,483,647.

Kinga

Fedha huhifadhiwa kwa senti nzima badala ya desimali, namba zinazokua hupewa biti 64, na kila jibu hupimwa kabla ya kuhamishiwa katika nafasi ndogo. Anayechukua programu ya zamani na kuiweka katika mashine mpya ana wajibu wa kupima upya mipaka ya kila namba iliyomo, hata kama programu hiyo imefanya kazi miaka mingi bila dosari.