Mbio za Lewa: Marathoni Kati ya Vifaru

Mwezi Juni mwaka 2000, wakimbiaji wasiofika 200 walijipanga kwenye barabara ya vumbi katika hifadhi ya Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya. Walikuwa wanachangisha fedha za kulinda wanyamapori na kuwafaa majirani wa hifadhi.

Chimbuko la mbio hizo ni vifaru. Mapema miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Muongo uliofuata majangili walikuwa wamebakiza mia chache tu. Mwaka 1983, Anna Merz, mtetezi wa vifaru, alimshawishi David Craig, mwenye ranchi ya ng'ombe ya Lewa, atenge ekari 5,000 ziwe makazi salama ya wanyama hao. Ilipofika 1995, ranchi nzima ilikuwa hifadhi.

Ulinzi huo una gharama. Askari wanataka mishahara, uzio unataka matengenezo. Wanavijiji jirani nao walihitaji maji, shule na zahanati, na bila wao kifaru hana usalama. Ndipo Lewa na Tusk, shirika la hisani la Uingereza, wakabuni marathoni: wakimbiaji wanalipa ada na kutafuta wafadhili, kampuni zinaleta timu zao.

Njia yenyewe haimhurumii mtu. Iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina vilima na vumbi, na wa marathoni kamili huizunguka mara mbili, mzunguko wa pili jua likiwa limeshapanda. Kabla ya kipenga, ndege huzunguka angani kuwatafuta tembo, nyati na simba waliokaribia njia, na askari wenye bunduki husimama kando ya barabara hadi mtu wa mwisho apite.

Hata hivyo, watu huja kwa shangwe. Mahema hujaa tangu siku iliyotangulia. Paul Tergat, Mkenya aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni jijini Berlin mwaka 2003, amekimbia hapa katika njia moja na wanavijiji na makarani wa ofisini, na watoto wana kilomita 5 zao.

Kwa miaka mingi sasa mbio hizi zimekusanya mamilioni ya dola. Fedha hizo zimekwenda kwenye madarasa, zahanati na miradi ya maji kandokando ya Lewa, kisha zikavuka uzio na kufikia miradi ya uhifadhi katika sehemu nyingine za Kenya.