Mahindi au pesa? Wakamba walishalipatia swali hili jina

Uzi mrefu kidogo, weka chai karibu.

Kila ukame ukiingia, mabishano ni yale yale. Mmoja anasema: "Wapelekeeni chakula, pesa zitaishia kwa pombe." Mwingine anajibu: "Mtumie mtu pesa kwa simu, yeye ndiye anajua nyumba yake inakosa nini." Halafu anakuja mgombea na lori, anapigwa picha na gunia, na mjadala unaishia hapo mpaka mvua nyingine ikose.

Wacha nichukue Kathonzweni, kule Makueni, kwa sababu huko swali hili si la jana.

Ukambani njaa haipiti bila jina. Ile kubwa ya mwisho wa karne ya 19, miaka ya 1897 hadi 1900 hivi, ilikuja na ukame, nzige, ndui, na sotoka iliyomaliza ng'ombe. Wengine waliiita Ngomanisye, kwa vile ilienea kila mahali. Wengine wakaiita Muvunga, yaani mchele, kwa sababu reli ya Uganda ilikuwa inajengwa na chakula kilichofika kilikuwa mchele wa magunia. Tazama hapo: njaa imeitwa kwa jina la msaada wake.

Na si hiyo peke yake. Kuna njaa ya Atta, miaka ya 1960, jina la unga uliogawiwa. Kuna njaa ya Ndeke, yaani ndege. Hii ya Ndeke inawahusu wale wanaodhani msaada wa ukame na wa mafuriko ni vitu viwili tofauti. Mwaka 1961 ulianza kwa ukame mbaya. Mwisho wa mwaka mvua ikaja, lakini ikaja yote kwa mara moja. Barabara zikakatika na lori haziendi. Ikabidi chakula kiangushwe kutoka angani. Mtu aliyekuwa akiomba mvua miezi mingi, sasa anatazama juu akisubiri gunia.

Halafu kuna jina ambalo kwangu linashinda yote: Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kama kusema, ninakufa na nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Ni njaa ya miaka ya mwanzo ya 1980. Wengine huihesabu 1980, wengine huipeleka mpaka 1984, mwaka wa yale mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu waliuza mbuzi, mtoto aliyeko Nairobi akatuma kitu, noti iko mkononi, lakini dukani hakuna mahindi.

Kwa nini hayakuwepo? Hapa ndipo siasa inaingia, na ndipo watu huruka haraka. Mvua ilikosa, ndiyo. Lakini miaka hiyo mfanyabiashara hakuwa huru kujaza lori mahindi Kitale na kuyashusha Makueni. Kusafirisha nafaka kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na soko lilikuwa mikononi mwa bodi ya serikali. Vizuizi hivyo vilikuja kuondolewa kabisa mwishoni mwa 1993. Kwa hiyo ungempa mama wa Kathonzweni shilingi ngapi mwaka ule, ungekuwa umempa karatasi tu. Wale wazee wanaokataa pesa na kusema "leteni chakula" si washamba, wana kumbukumbu.

Sasa ruka hadi leo. Vibali havipo. M-Pesa ipo tangu 2007. Nafaka hufika sokoni, bora uwe na bei yake. Kwa hali hiyo wanaotetea pesa wana hoja nzito: lori linagharimu mafuta, ghala, walinzi, na gunia hupungua njiani (tunajua hupungua vipi). Kule Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir uko mpango wa serikali na wafadhili ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000. Familia zipatazo 100,000 hulipwa mara kwa mara, na satelaiti ikionyesha malisho yamekauka, familia zaidi zilizoandikishwa mapema huongezwa kwa dharura. Hakuna kungoja mtu aje kupigwa picha.

Makueni haimo. Iko kwenye orodha ya kaunti 23 kame na zenye ukame kiasi, lakini mpango ule ulilenga zile kavu kabisa za kaskazini. Kibali cha ukavu nacho! Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, haikusema ni kila mtu wa kaskazini. Na wengi wa Kathonzweni ni watoto na wajukuu wa watu walioshuka kutoka milima ya Machakos iliyojaa, baada ya serikali ya kikoloni, miaka ya 1940, kuanza kufyeka vichaka vya mbung'o Makueni na kugawa mashamba. Waliambiwa hapo panalimika.

Kinachobaki huko ni Inua Jamii, ambayo kwa kawaida ni ya wazee, yatima na wenye ulemavu, si ya dharura. Ilikuwa 2,000 kwa mwezi mwanzoni mwa miaka ya 2010, na ikabaki 2,000 misimu ya mvua ilipokosa mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Piga hesabu: pakiti kumi hazifiki, na hujanunua mafuta wala chumvi. Hiyo nayo ni Nikw'a Ngwete, ila safari hii mahindi unayaona kwa macho.

Kwa hiyo mtu akikuuliza mahindi au pesa, muulize kwanza: mwezi gani? Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Pesa ikiingia kwa simu mwanzoni mwa Oktoba, inanunua mbegu ya ndengu na kulipa ng'ombe wa kulima. Pesa hiyo hiyo ikiingia Machi, baada ya mavuno kukosa, inanunua unga kwa bei ya juu kabisa. Na ukikosa mavuno ya Februari, yale ya masika si ya kuwekea imani, unaweza kukaa mpaka Februari nyingine.

Lori huwa linafika lini? Angalia tarehe kwenye zile picha.