Sanamaki: Kutoka Jangwa la Hijazi Hadi Ufukwe wa Ziwa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Hapa Mwanza na katika miji mingine ya ufukwe wa Ziwa Victoria, sanamaki huuzwa kama dawa ya Sunna. Mnunuzi akishasikia kwamba imetajwa katika Hadithi, mara nyingi haulizi tena. Ndugu Waislamu, yapo maswali mawili ya kuuliza: je, hili ndilo jani lenyewe? Na ndani yake mna nini? Tunataka kubainisha kwamba kuuliza hivyo si kuidharau Sunna, bali ndiyo njia waliyopita wanavyuoni wetu.

Imamu Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimuuliza Asmaa bint Umays (R.A.) alikuwa akitumia nini kulainisha tumbo. Akataja shubrum. Akaambiwa kuwa hiyo ni kali, ndipo akatumia sanamaki. Wanavyuoni wameizungumzia sanad ya Hadithi hii, lakini fundisho lake li wazi: mimea miwili inaweza kufanya kazi moja, na mmoja ukawa salama kuliko mwingine.

Waliokuja baadaye waliifanya tofauti hiyo kuwa elimu. Abu Hanifa ad-Dinawari, aliyefariki mwaka 282 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya mimea. Al-Biruni, katika karne ya 5 Hijria, alikusanya majina ya dawa kwa lugha mbalimbali ili wauza dawa wasichanganye hiki na kile. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 646 (1248 Miladia), aliorodhesha vyakula na dawa zipatazo 1,400. Naye Ibn al-Qayyim alieleza kuwa sanaa ni mmea wa Hijazi na iliyo bora ni ya Makka. Ndiyo asili ya jina letu, sanamaki.

Mmea huo huota pia katika nchi kavu za Sudan na Somalia. Ule wa Nubia ulisafirishwa kufuata Mto Nile, mto huu huu unaotoka katika Ziwa letu, hadi bandari ya Alexandria, na kutoka hapo ukaenda Ulaya. Njiani wafanyabiashara walichanganya humo majani ya mmea mwingine wa jangwani uitwao argel. Kwa hiyo udanganyifu katika jani hili haukuanza leo.

Mwaka 1941, mwanakemia Arthur Stoll wa Uswisi alifanikiwa kutenga viini vinavyolifanya jani hilo liharishe, vikaitwa senosaidi A na B. Viini hivi hupita katika utumbo mwembamba bila kufanya kazi. Vikifika katika utumbo mpana, bakteria waliomo huvivunja, ndipo utumbo unaposukumwa. Ndiyo maana dawa huchukua saa 6 hadi 12. Tangu hapo kipimo kiliweza kutajwa kwa miligramu badala ya kukisiwa kwa konzi, na leo sanamaki imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini anayeinywa kila siku kwa kuzidisha hupoteza maji na madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaweza kudhurika.

Hatari nyingine iko karibu nasi zaidi. Mwingajini, mmea wa jamii moja na sanamaki, huota wenyewe kandokando ya njia na mashamba. Magharibi mwa jimbo la Uttar Pradesh, India, watoto walikuwa wakifa kwa maradhi yaliyodhaniwa kuwa homa ya ubongo, mpaka watafiti, katika taarifa waliyoitoa mwaka 2007, walipobainisha kuwa watoto hao walikula mbegu za mwingajini. Basi majani yakishasagwa yakawa unga, ni jicho gani litakalotofautisha hili na lile?

Abu Daud na Nasai wamepokea Hadithi kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Mafaqihi wamejenga hukumu juu ya msingi huo. Nchini mwetu, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inataka waganga na dawa zao wasajiliwe, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza.

Kwa hiyo tunawanasihi maimamu: anayetaka kuuza dawa mlangoni mwa msikiti kwa jina la Sunna aulizwe kwanza usajili wake, jina la mmea na kipimo chake. Aliyesema kweli hatadhurika kwa kuulizwa. Na jina la Mtume (S.A.W.) ni tukufu mno kubandikwa kwenye mfuko wa unga usiojulikana.

Wallahu a'lam.