Namna PHP ilivyojifunza kusubiri

Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, hakukusudia kuunda lugha ya kompyuta. Mwaka 1994 aliandika programu ndogo kwa lugha ya C ili ajue ni watu gani wanaosoma wasifu wake wa kazi kwenye intaneti, na Juni 1995 akaitoa kwa umma. PHP ilizaliwa katikati ya maandishi ya HTML, na ilichokijua ni kutema tu: ikikutana na amri ya kuchapisha, maneno yanaelekea kwa msomaji papo hapo.

Tovuti zilipokua, ulimi huo mwepesi ukawa kero. Tuseme unataka kutuma barua pepe kwa kiolezo kilichomo kwenye faili barua.php. Ukiandika `$barua = include 'barua.php';` barua yote inamwagika kwenye skrini, na ndani ya `$barua` unakuta tarakimu 1, ishara tu kwamba faili limepitiwa salama.

Dawa ilikuja na PHP 4, Mei 2000, juu ya injini mpya ya Zeev Suraski na Andi Gutmans. Ukianza na `ob_start()`, kinachochapishwa hakitoki nje. Kinatunzwa kwenye kumbukumbu mpaka ukidai. Kisha toleo 4.3.0, la Desemba 2002, likaleta kwa mkupuo mmoja `ob_get_clean()`, inayokukabidhi akiba hiyo na kuifunga, pamoja na `file_get_contents()`, inayosoma faili zima kwa mstari mmoja.

Hii ya pili ilipendwa mno, na nadhani ilipendwa kupita kiasi. Yenyewe haiendeshi chochote: inakupa herufi zilivyo kwenye diski. Kiolezo chenye `Mpendwa <?php echo $jina; ?>,` kikisomwa hivyo na kupelekwa kwenye kivinjari, msomaji anaona “Mpendwa ,” na pengo katikati, kwa kuwa kivinjari hukichukulia kipande cha PHP kuwa maoni ya kufichwa. Jina likiandikwa `$mteja->jina`, mambo ni ya aibu zaidi: alama ya > inafunga maoni mapema, na mteja anasalimiwa “Mpendwa jina; ?>,”. Na faili likiwa lile la mipangilio, nywila ya hifadhidata inaweza kutoka nje vivyo hivyo.

Kilichowachanganya wengi zaidi ni kwamba ukiipa `file_get_contents()` anwani ya http badala ya njia ya faili, unapata ukurasa uliokwisha kuendeshwa. Hapo seva ndiyo iliyofanya kazi, kwa ombi jingine kabisa, lisilojua chochote kuhusu `$jina` lako.

Mifumo iliyofuata imeificha kazi ya kutunza kinachochapishwa ndani kwa ndani. Mtumiaji wa Laravel, iliyotoka 2011, huandika `view()` na kuendelea na shughuli zake; ukifungua sehemu inayoendesha violezo vyake, utaikuta `ob_start()` ileile ya mwaka 2000.