Maaskofu, Bandari na Maneno ya Mwalimu Mbeya

Anayeteremka basi pale Uyole, njia panda ya Tukuyu, hahitaji kuuliza nchi inajadili nini. Atayasikia hapo hapo. Agosti 2023 ubishi ulikuwa huu: askofu ana haki gani ya kusemea bandari?

Mkataba wa Serikali yetu na Dubai uliridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni mwaka huo. Wananchi waliupinga katika Mahakama Kuu hapa hapa Mbeya, wakashindwa tarehe 10 Agosti. Siku nane baadaye Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko la kuukataa, likasomwa makanisani. Wapo waliosema maaskofu wanachanganya dini na siasa. Wengine, na hili ndilo lililonitia hofu, walianza kuhesabu nani Mkristo, nani Mwislamu.

Tumesahau upesi. Mei Mosi 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe, Mwalimu Nyerere alihutubia katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Alikemea rushwa, na katika hotuba hiyo hiyo akakemea udini. Alikumbusha sheria yetu ya zamani iliyompa mla rushwa kifungo cha miaka miwili na viboko 24, nusu akiingia gerezani na nusu akitoka. Ikulu aliiita mahali patakatifu, akiisema kama Injili inavyolisema hekalu lililoingiliwa na wachuuzi. Imani aliitumia kumpima mtawala. Kuitumia kuombea kura alikukataza.

Najua mtanijibu kwamba mgombea aliyemuunga mkono mwaka ule, Benjamin Mkapa, alikuwa Mkatoliki mwenzake. Ni kweli. Lakini mwaka 1985 alimwachia nchi Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu.

Kwa kipimo hicho, tamko la 2023 halikuwa udini. Maaskofu hawakudai bandari iwe ya Wakatoliki. Walisema wananchi wengi hawautaki mkataba ule. Haki ya kusema hivyo wanayo, kama aliyonayo shehe, na kama aliyonayo mkulima wa viazi wa Uyole.

Kasoro naiona mahali pengine. Mahakamani Mbeya pande zote zilisikilizwa kabla ya hukumu. Kanisani tamko lilisomwa, hakuna aliyenyosha mkono kuuliza, wimbo ukaimbwa, watu wakatoka.