Dawa mbili katika krimu moja hupimwaje?

Krimu ya fangasi yenye klotrimazoli na betamethasoni huwa na miligramu 10 za klotrimazoli kwa gramu, lakini betamethasoni ni nusu miligramu tu. Hiyo ndogo ndiyo ya kuchungwa: ikizidi hufanya ngozi iwe nyembamba, na wapo wanaojipaka usoni kila siku ili wang'ae.

Maabara hutumia kromatografia. Krimu huyeyushwa, huchujwa, kisha husukumwa kwa shinikizo kupitia bomba lililojaa chembe za silika. Kila dawa hutoka kwa wakati wake na kupimwa kwa mionzi ya urujuanimno. Kazi kubwa ni kupata uwiano wa maji na asetonitraili utakaozitenganisha, ile nyingi isiifunike ile kidogo. Mwisho, dawa ya kiasi kinachojulikana hutiwa kwenye krimu tupu. Mashine isipoonyesha kiasi hichohicho, kazi huanza upya.