Mashine Ndani ya Mashine: Historia ya Seva Pepe hadi Kwenye Vyumba Vidogo

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma chake. Ina prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, na mfumo endeshi uliowekwa ndani yake hufanya kazi kana kwamba vitu hivyo ni vyake peke yake. Kwa kweli vyote ni mgawo kutoka kwenye kompyuta halisi inayoibeba, na anayegawa ni programu iitwayo haipavaiza. Mafundi huiita kompyuta inayobeba mwenyeji, na kila mashine iliyobebwa mgeni. Mwenyeji mmoja anaweza kuwa na wageni kumi au ishirini, kila mmoja na shughuli yake: mmoja barua pepe, mwingine hesabu za mishahara, wa tatu kumbukumbu za wagonjwa. Leo chumba chenye seva mbili au tatu, kiyoyozi na betri za akiba, iwe katika hospitali, chuo au saccos, huendeshwa kwa namna hiyo. Mambo mengi yanayomsumbua msimamizi wa chumba hicho yalizaliwa zamani, tena katika vyumba visivyofanana na chake hata kidogo.

Wazo lilianzia Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wakati kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Mwandishi wa programu alitoboa kadi zake, akazikabidhi dirishani, akasubiri saa nyingi kupata majibu. Akikosea alama moja tu, alirudi nyuma ya foleni. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT walionyesha njia nyingine kwa mfumo wao wa CTSS. Watu kadhaa waliketi kila mmoja mbele ya mashine yake ya kuchapa, na kompyuta moja ikazungusha muda wake baina yao upesi kiasi kwamba kila mmoja alijiona yuko peke yake. Mwaka 1964 MIT ilipotafuta kompyuta ya mradi wake mpya, Project MAC, iliiacha IBM ikachagua General Electric. Kwa IBM lilikuwa pigo zito. Mwaka huohuo kampuni ilifungua kituo chake cha utafiti mjini humo, Cambridge Scientific Center, chini ya Norman Rasmussen, na ofisi zake zikawa Technology Square namba 545, jengo moja na Project MAC yenyewe.

Hapo kikosi kilichoongozwa na Robert Creasy kilishika njia ambayo hakuna aliyekuwa ameijaribu kwa ukamilifu. Mifumo ya kugawana muda ya siku zile ilikuwa programu moja kubwa iliyofanya kila kitu: kugawa muda, kutunza mafaili, kupokea amri za watumiaji. Creasy na wenzake waliigawa kazi hiyo sehemu mbili. Programu ya chini, iliyoitwa CP, haikufanya jambo lolote ila kutengeneza kompyuta za kufikirika, kila moja mfano kamili wa kompyuta halisi. Ndani ya kila kompyuta hiyo uliwekwa mfumo mdogo uliohudumia mtu mmoja tu, CMS. CP-40 ilianza kutumika Januari 1967 juu ya IBM System/360 Model 40 iliyofanyiwa marekebisho, ikiweza kubeba mashine pepe 14. Utengano huo ndio moyo wa teknolojia yote iliyofuata, na hadi leo haujapatikana ulio safi kuushinda. Anayeandika mfumo wa mtu mmoja hana haja ya kuwaza jirani. Anayegawa chuma hana haja ya kujua kinachotendeka ndani. Mfumo mmoja ukianguka, mingine inaendelea.

CP-67 ilifuata, kwa ajili ya kompyuta kubwa zaidi ya Model 67, na Agosti 1972 IBM ilitangaza VM/370 kwa wateja wake wote. Sehemu kubwa ya uhai wake VM ilibebwa zaidi na mapenzi ya watumiaji kuliko ya wakubwa wa kampuni, ambao matumaini yao yalikuwa kwenye mifumo mingine. Mrithi wake, z/VM, bado anafanya kazi kwenye kompyuta kubwa za IBM.

Nadharia ilikuja baada ya vitendo. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo kompyuta inapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe ipasavyo. Sharti kuu linaeleweka bila hesabu. Prosesa ina amri za kawaida, kama kujumlisha namba, na amri nyeti, zinazogusa au kufichua hali ya kompyuta yenyewe. Mgeni akitoa amri nyeti, prosesa haina budi kumsimamisha na kumwita mwenyeji, ili mwenyeji aitekeleze kwa niaba yake juu ya kompyuta pepe badala ya ile halisi. Kukiwa na amri moja nyeti inayopita bila mwenyeji kujua, ujenzi wote unavuja.

Prosesa za Intel, zilizoenea duniani pamoja na kompyuta za mezani, zilivuja mahali pengi. Uchunguzi wa Pentium uliochapishwa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 zisizotimiza sharti hilo. Mfano maarufu ni amri ya POPF, ambayo miongoni mwa kazi zake huruhusu au kuzuia prosesa kukatizwa. Ikitolewa na programu isiyo na mamlaka, prosesa haiitekelezi sehemu hiyo wala haitoi taarifa ya kukataa. Inanyamaza na kusonga mbele. Mfumo mgeni unaamini umefunga mlango, kumbe mlango uko wazi, na mwenyeji hajaambiwa lolote. Kwa sababu hiyo wahandisi wengi waliamini kwamba kompyuta za aina hiyo hazingebeba mashine pepe kwa kasi inayofaa.

Miaka hiyo, hata hivyo, haja yenyewe ilionekana imekwisha. Kwa nini kugawa kompyuta wakati kompyuta imekuwa rahisi kununua? Miaka ya 1990 ofisi zilizoea kuipa kila huduma seva yake, kwa kuwa programu mbili kwenye Windows NT moja ziliweza kugombania faili moja na kuangushana. Huduma mpya, seva mpya. Kabati zikajaa masanduku yaliyokesha yakila umeme na kutoa joto huku sehemu kubwa ya uwezo wake ikilala. Tatizo la mwaka 1967 lilikuwa kompyuta moja na watu wengi. Sasa lilikuwa kompyuta nyingi zenye kazi kidogo kila moja. Dawa ilikuwa ileile.

Chuo Kikuu cha Stanford ndicho kilichoifufua. Mwaka 1997 Edouard Bugnion, Scott Devine na Mendel Rosenblum walieleza mfumo wao wa Disco, uliotumia mashine pepe kuendesha kompyuta za utafiti zenye prosesa nyingi. Mwaka uliofuata watatu hao, pamoja na Diane Greene na Edward Wang, walianzisha VMware. Zile amri 17 waliziendea kwa ujanja wa tafsiri: kabla kipande cha kerneli ya mgeni, yaani kiini cha mfumo endeshi wake, hakijatekelezwa, haipavaiza inakisoma, inaondoa amri za hatari, inaweka badala yake amri salama, kisha inakihifadhi kipande kilichotafsiriwa kwa matumizi ya baadaye. Programu za kawaida za mgeni zilikwenda moja kwa moja kwenye prosesa, na kwa hiyo kasi haikupotea sana. Toleo la kompyuta za mezani lilitoka 1999, na ESX Server, iliyokaa juu ya chuma bila kuhitaji mfumo mwingine chini yake, mwaka 2001.

Kilichobadilisha kazi ya usimamizi kilikuja 2003: VMotion, uwezo wa kuihamisha mashine pepe kutoka mwenyeji mmoja hadi mwingine ikiwa inafanya kazi, bila watumiaji kukatiwa huduma. Kumbukumbu inanakiliwa kidogo kidogo huku mgeni akiendelea. Mwishoni anasimamishwa kitambo kidogo mno, yaliyobaki yanavuka, naye anaamka upande wa pili. Fundi aliyezoea kuja kazini Jumapili usiku kubadilisha kifaa aliweza sasa kuifanya kazi hiyo mchana.

Uwezo huo, hata hivyo, ulidai diski za mashine pepe zikae kwenye hifadhi moja inayofikiwa na wenyeji wote. Kwa benki kubwa hilo halikuwa neno. Kwa chumba kidogo lilikuwa mtego: hifadhi ya pamoja iliweza kuwa kifaa ghali kuliko vyote chumbani, na seva tatu zilizonunuliwa ili moja ikiharibika kazi isisimame zikaishia kutegemea sanduku moja. Itifaki ya iSCSI, iliyowekewa kiwango rasmi mwaka 2004, ilipunguza gharama kwa kupitisha diski kwenye mtandao wa kawaida, lakini sanduku lilibaki moja. Baadaye njia mbili ziliwafaa wadogo zaidi: kutawanya nakala za data kwenye diski za seva zenyewe, kama inavyofanya Ceph, au kunakili mashine pepe toka seva moja hadi nyingine kila baada ya dakika kadhaa na kukubali kwamba, ajali ikitokea, dakika hizo zitapotea. Njia ya pili haisifiwi sana, ingawa kwa chumba chenye fundi mmoja mara nyingi ndiyo ya busara: Ceph inataka mtandao wa kasi, diski nzuri na mtu anayeielewa.

Wakati VMware ikikua, Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza kilitoa Xen mwaka 2003, programu huria iliyokwepa tatizo la prosesa kwa kuurekebisha mfumo mgeni ujijue kuwa ni mgeni. Amazon ilipofungua huduma yake ya EC2 mwaka 2006 iliijenga juu ya Xen. Kisha watengenezaji wa prosesa wakaziba uvujaji wenyewe, Intel mwishoni mwa 2005 na AMD mwaka 2006, na kuandika haipavaiza kukawa kazi nyepesi zaidi. Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet aliigeuza Linux yenyewe kuwa haipavaiza kwa moduli ya KVM, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.20 Februari 2007. Microsoft ilileta Hyper-V mwaka 2008, na mwaka huohuo VMware ikaanza kutoa ESXi, iliyotokana na ESX Server, bila malipo. Tangu hapo haipavaiza peke yake haikuwa tena bidhaa adimu. Kilichouzwa kilikuwa zana za kuisimamia.

Soko la vyumba vidogo lilijengeka hapo. VMware ilikuwa na kifurushi cha Essentials, kwa seva zisizozidi tatu zenye prosesa mbili kila moja. Mjini Vienna, Austria, Proxmox ilitoa mwaka 2008 mfumo wake huria uliounganisha KVM na kontena za OpenVZ (vyumba vya programu vinavyotumia kerneli moja) juu ya Debian, ukisimamiwa kupitia kivinjari.

Idadi ya seva tatu ina maana zaidi ya biashara. Seva mbili zikipoteza mawasiliano, kila moja inaweza kudhani mwenzake amekufa na kuwasha mashine zake pepe. Mashine moja ikiwashwa mara mbili na kuandika kwenye diski ileile, data inaharibika. Kwa hiyo klasta, yaani seva zilizounganishwa kufanya kazi pamoja, hupiga kura, na upande usio na kura nyingi hujizuia. Penye seva mbili tu, hata kompyuta ndogo ya bei nafuu inaweza kuwekwa iwe mpiga kura wa tatu. Tatu hizo nazo zisijazwe: mzigo wote uweze kubebwa na mbili, la sivyo siku seva moja inapozima wageni wengine hawana pa kwenda. Kinachoisha mapema katika hesabu hiyo kwa kawaida ni kumbukumbu, si prosesa.

Urahisi wa kuunda mashine pepe ulileta uzembe wake. Seva ya chuma ilihitaji bajeti na saini. Mashine pepe inahitaji dakika tano. Zikazagaa za majaribio ambazo hakuna aliyekumbuka kuzizima wala kuzisasisha. Snapshoti, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa kwa wakati fulani, ikachukuliwa kuwa nakala rudufu, ilhali inakaa kwenye diski ileile na kupotea nayo. Leseni pia zilibaki na mantiki ya chuma: tangu Windows Server 2016 Microsoft huhesabu viini vya prosesa vya mwenyeji, angalau 16 kwa seva, na toleo la Standard huruhusu mashine pepe mbili tu kwa kila seti ya leseni inayoenea viini vyote.

Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware. Mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ulikoma na malipo yakawa ya kipindi. Februari 2024 ESXi ya bure iliondolewa, ikarudishwa Aprili 2025. Waliojenga vyumba vyao kwa bei za Essentials walilazimika kuchagua upya baada ya miaka mingi ya kutochagua. Wengine walitazama Hyper-V, wengine XCP-ng iliyotokana na Xen, wengi Proxmox, ambayo mwaka 2024 iliongeza zana ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Mwaka huohuo Veeam, inayotumiwa sana kwa nakala rudufu, ikaanza kuihudumia Proxmox.

Uhamaji wenyewe hauna siri kubwa, unataka mpangilio. Kwa anayehamia Proxmox, viendeshi vya virtio, ambavyo mgeni huvihitaji kutumia diski na mtandao wa KVM, huwekwa ndani ya Windows kabla ya kuhama, kwa sababu mgeni anayeamka asikute diski anayoijua hawezi kuwaka. Zana za mwenyeji wa zamani huondolewa, anwani za mtandao huandikwa pembeni kwa kuwa kadi mpya itaonekana ngeni, na huduma zisizo na uzito mkubwa hutangulia, hifadhidata zikifuata mwisho. Seva moja huondolewa kwenye klasta ya zamani, husafishwa na kuwa mwenyeji wa kwanza wa mpya, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mashine ya awali huachwa imezimwa, haifutwi, mpaka hesabu za mwezi zifungwe salama upande mpya.